Miezi Iliyompita Bi Muzdalifa

Kwa miaka thalathini na mmoja Bi Muzdalifa alifundisha fizikia na jiografia kwenye skuli moja ya sekondari hapo mjini, na katika muda wote huo hakukutana na watu wenye akili timamu zaidi ya watatu: marehemu baba yake, mkaguzi mmoja wa skuli aliyepita mara moja tu, na yeye mwenyewe. Mumewe, Mzee Msabah, hakuwamo katika hao watatu. Alijua kuwa hamo, na halikumkosesha usingizi.

Walikaa Kiponda, ghorofa ya pili, na kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Mzee Msabah alifungua redio na kushona kofia yake huku akimsikiliza Anuar. Bi Muzdalifa naye alisikiliza, lakini kwa namna ya mtu anayetazama jirani akipika vibaya.

Anuar huyo alikuwa na miaka arubaini na kitu. Zamani akitembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, akiwapa wanuse mdalasini na kuwavisha kofia za makuti. Kisha akaenda nje wiki tatu kwenye kozi ambayo hakuna aliyewahi kuiona karatasi yake, akarudi na kizibao cha mifuko minane na cheo alichojipa mwenyewe. Alijiita mnajimu wa Zanzibar.

"Mnajimu!" Bi Muzdalifa alisema siku ya kwanza alipomsikia. "Mnajimu ni yule anayewaambia watu nyota zao zimechafuka. Mwenye kusoma nyota kwa hesabu ni mwanafalaki. Huyu hata jina la kazi anayojisingizia halijui."

"Lakini anaeleza vizuri," alijibu Mzee Msabah, sindano mdomoni.

"Na wewe unasikiliza vizuri. Ndiyo maana mnafaana."

Mwaka huo wa elfu mbili na ishirini na tano, katikati ya mvua za masika, Anuar alifungua kipindi kwa sauti ya mtu aliyeona mwezi wa Idi kabla ya watu wote. "Ndugu wasikilizaji," alisema, "hatuko peke yetu! Wamepatikana!" Akaeleza kuwa wataalamu, kwa ile darubini kubwa iliyoko nje angani, wameitazama sayari moja iitwayo K2-18b, iliyo mbali nasi kiasi ambacho nuru yake hutumia miaka mia moja na ishirini na nne kutufikia. Hewani mwake wamekuta gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe vya baharini. "Basi kule kuna bahari," alisema Anuar, "na baharini mna viumbe, na upepo wake unanuka vilevile kama mwani wa Chwaka ulioanikwa juani!"

Bi Muzdalifa alikiweka kikombe chini.

"Unanuka! Nani aliyekwenda kuunusa? Yeye? Kwa pua ile?"

"Wamesema wataalamu, mama."

"Wataalamu wamesema 'huenda'. Nakuapia wamesema 'huenda', na huyu bwana akalitafuna hilo neno akalimeza."

Kijana wao aliyekuwa Maskati alikuwa amemletea mama yake tableti, nayo kwa mwaka mzima ilikuwa kabatini chini ya mashuka. Siku hiyo Bi Muzdalifa aliitoa. Kwa siku tisa alikaa dirishani na miwani yake, akasoma kila alichokipata kuhusu ile sayari, kamusi ya Kiingereza pembeni. Hakusoma kwa kupenda. Alisoma kama mtu anayepekua mifuko ya mwizi. Na alivyovitafuta alivipata: kwanza, wagunduzi wenyewe walisema hawana uhakika. Pili, wengine walivichukua vipimo vilevile, wakapiga hesabu upya na wasiione ile gesi kwa uthabiti wowote. Tatu, gesi ileile ilishaonekana kwenye nyota moja yenye mkia, donge la barafu na vumbi lisilo na kiumbe hai hata mmoja.

Siku ya kumi alipiga simu redioni. Mtangazaji, Abrahman, kijana mpole aliyejua kuwa ugomvi huleta wasikilizaji, alimwalika aje studio Jumamosi ajadiliane na Anuar.

"Nenda, lakini usimtukane," alisema Mzee Msabah.

"Simtukani. N'tamweleza alivyo."

Studio ilikuwa chumba kidogo Mlandege, kiyoyozi kikitoa maji. Anuar alimpokea kwa bashasha, akamwita "mama yetu", na kipindi kilipoanza akafungua mfuko wa plastiki na kumwaga mezani mwani mkavu, mbele ya vipaza sauti.

"Mwalimu, nusa," alisema. "Wasikilizaji hawaoni, lakini mimi nimeileta hapa harufu ya ile sayari."

"Nikinusa n'tajua nini?" aliuliza Bi Muzdalifa. "Kuwa wanawake wa Chwaka wamesimama majini tangu alfajiri, na wewe umeyafanya mazingaombwe matokeo ya jasho lao. Uondoe."

Abrahman akacheka bila ya kutaka. Bi Muzdalifa akaendelea, taratibu, kama alivyokuwa akiandika ubaoni. Alieleza kuwa hakuna aliyenusa kitu. Sayari ile inapopita mbele ya jua lake, chembe ya nuru hupenya hewa yake, na kila gesi hula rangi yake katika nuru ile. Wataalamu huzitazama rangi zilizopungua, wakakisia nani kazila. "Ni kama kuingia jikoni ukakuta sufuria limepungua," alisema. "Unaweza kusema paka kala. Lakini kama nyumbani mna paka, na mtoto, na mume asiyejizuia, basi mwenye akili husema 'huenda'. Na sasa wamekuja wengine wamelitazama sufuria lilelile, wanasema hata hawana hakika kama limepungua."

Anuar alijaribu kusema jambo kuhusu matumaini ya binadamu. Bi Muzdalifa alimuuliza kama matumaini yana kipimo. Anuar akasema sayansi inaendelea mbele. Bi Muzdalifa akamuuliza yeye anaendelea nayo, au ameipanda tu kwa nyuma kama watoto wanavyodandia magari. Mzee Msabah, nyumbani, aliisimamisha sindano yake.

Laiti angeaga wakati ule. Alikuwa ameshinda, na Anuar alikuwa akiuokota mwani wake mmojammoja. Lakini ushindi ulimpanda kichwani, na Abrahman alipofungua simu, yeye akakaa vizuri kitini, akitamani wote wapige ili awaoneshe wote.

Aliyepiga wa tatu alikuwa mwanamke, sauti yake tulivu. "Nna swali kwa Bi Muzdalifa," alisema. "Sayari ya Zohali ina miezi mingapi?"

Bi Muzdalifa akatabasamu. Lilikuwa swali la darasa la saba. "Sitini na miwili," alisema. "Na mwenye kutaka majina n'tampa."

"Ni mia mbili na sabini na minne, mwalimu."

"Mia mbili na nini?" Alicheka, cheko lake lile kavu ambalo vizazi thalathini na kimoja vya wanafunzi vililijua. "Mwanangu, hizo ulizozihesabu ni embe za sokoni. Umezitoa wapi? Kwenye simu? Ndiyo shida yetu, kila mwenye simu kawa mwanachuoni. Ulisoma wapi weye?"

"Nlisoma kwako."

Kiyoyozi kikadondosha tone.

"Jina lako nani?"

"Tabia Wakil. Mwezi wa Machi mwaka huu imetambuliwa mipya mia moja na ishirini na minane kwa pamoja. Kabla ya hapo ilikuwa mia moja na arubaini na sita. Hiyo sitini na miwili ilikuwa sahihi, lakini zamani, ulipokuwa ukifundisha. Ahsante."

Simu ikakatika. Abrahman, ambaye simu yake mwenyewe ilikuwa mkononi, alitazama kioo chake, akatazama tena, akasema kwa sauti ndogo kuwa naam, ndivyo ilivyoandikwa. Hapo Anuar akaacha kuokota mwani. Mtu huyu ambaye hakuweza kutoa mbili kwenye tano bila ya kuguna, siku hiyo alipiga hesabu haraka kuliko mashine.

"Mama yetu ameachwa na miezi mia mbili na kumi na miwili!" alisema. "Na yeye ndiye anayenifundisha kwenda na wakati!"

Ilitosha. Hakuna aliyekumbuka tena nuru, wala gesi, wala 'huenda'. Jumapili, muuza samaki wa Darajani alimuuliza kama anataka changu wawili au mia mbili na kumi na wawili. Jumatatu, vijana wa barazani walimsalimia kwa adabu zote, shikamoo bibi, na alipokata kona akasikia mmoja anahesabu kwa sauti na wenzake wanaangua. Wote hao, alijisemea, hawawezi kuionesha Zohali hata wakishikwa vidole. Lakini ilimchoma, tena kwa sababu ni wao. Kuzomewa na wenye akili angevumilia.

Usiku wala mchana hakuacha kuisikia ile sauti. Bi Muzdalifa alimkumbuka huyo Tabia Wakil. Ilikuwa mwaka elfu mbili na sita, darasa la tatu la sekondari, wanafunzi arubaini. Alikuwa akiwaimbisha sayari tisa. Msichana mmoja mwembamba, ambaye mama yake alitoka Mkokotoni na alikuwa akiuza pweza mbele ya lango la skuli, alinyanyua mkono akasema: "Mwalimu, nimesikia Pluto imetolewa. Zimebaki nane." Bi Muzdalifa hakuwa amesikia. Kwa hiyo alisema: "Hebu mtazameni binti wa muuza pweza, anakuja kutupangia mbingu. Nenda nje ukamsaidie mama kukatakata, haya ya mbingu waachie wenyewe." Darasa likacheka. Akamsimamisha nje, uani, mpaka kengele ilipolia, mama mtu akimwona kutoka langoni. Wiki mbili baadaye Bi Muzdalifa alilithibitisha jambo lile mwenyewe, akaanza kufundisha sayari nane, wala hakusema neno.

"Nshamkumbuka," alimwambia mumewe. "N'takwenda nikamwone."

"Ukamtake radhi?"

"Nikaone hiyo karatasi ya miezi. Nani kasema habari ya radhi?"

Mzee Msabah akarudi kwenye kofia yake.

Tabia alikaa Chukwani, nyumba ndogo safi, na alikuwa akifundisha chuoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thalathini na mitano, mrefu, asiyetabasamu ovyo. Alimkaribisha mgeni kwa kila kinachotakiwa: shikamoo mwalimu, karibu ndani, juisi ya ukwaju, kitambaa cha mezani. Ila hakukaa karibu naye. Alikaa upande wa pili wa meza kama karani wa benki.

"Nimekuja kuona ushahidi," alisema Bi Muzdalifa.

Tabia akageuza kompyuta yake. Ushahidi ulikuwapo, orodha ndefu, kila mwezi na namba yake. Bi Muzdalifa alisoma ukurasa mzima akitafuta kosa. Halikuwapo.

"Hivi vinavyoitwa miezi," alisema hatimaye, "vina ukubwa gani? Kilomita tatu? Nne? Huo si mwezi, ni jiwe lililopotea njia. Na kutoka huku nani anaweza kuliona? Haiwezekani, mwanga wake haufiki."

"Kwa picha moja huwezi kuliona," alisema Tabia. "Wanapiga picha nyingi, mfululizo, kwa saa kadhaa. Kisha wanazisogeza kwa mwendo uleule wa Zohali, wanazipanga moja juu ya nyingine na kuzijumlisha. Nyota za nyuma zinakuwa michirizi. Lakini kile kinachokwenda pamoja na Zohali..."

"...kinabaki pale pale," alidakia Bi Muzdalifa, "na nuru yake inaongezeka kila unapojumlisha!"

"Naam."

Mwalimu mzee alivua miwani, akaivaa tena. Ilikuwa hesabu ya kujumlisha, ya mtoto wa darasa la kwanza, na ilikuwa nzuri kupita chochote alichosikia tangu astaafu. Kitu kisichoonekana hata kidogo, ukikivumilia na kwenda nacho mwendo wake, kinatokeza. Alihisi moyo ukimwenda mbio kama msichana, na akaona haya kuwa amefurahi katika nyumba hii.

"Hili lingekuwa somo zuri," alisema.

"Nnalifundisha."

Nje mtu alikuwa akipiga misumari. Bi Muzdalifa akaona hapana budi.

"Ile siku ya Pluto," alianza, "ulikuwa sawa. Nadhani nlikuwa mkali kidogo."

Tabia alimtazama, na Bi Muzdalifa akautambua ule mtazamo, maana ulikuwa wake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa akimtazama mtoto aliyeandika kuwa jua linaizunguka dunia.

"Mwalimu, mkali ni yule anayepunguza alama. Weye ulimtaja mama yangu. Aliponiona uani alidhani nimeiba. Alinipiga mbele ya wateja wake, na mpaka anakufa hakuamini kuwa nlitolewa darasani kwa kusema kweli. Na Jumamosi umefanya yaleyale, hujabadilisha hata cheko."

"Basi niwie radhi."

"Hiyo radhi ya sebuleni siitaki," alisema Tabia, bila ya kupandisha sauti. "Mara ya kwanza walisikia watu arubaini. Mara ya pili kasikia kila mwenye redio. Ukaseme palepale. Na kinachonikera zaidi ni kuwa ulikuwa na haki juu ya ile sayari! Uliyoyasema yote yalikuwa sahihi. Umempa ushindi yule mpumbavu kwa sababu hukuweza kukaa dakika tano bila ya kumdharau mtu."

Miaka thalathini na mmoja, hakuna aliyewahi kusema naye hivyo. Bi Muzdalifa aliinuka, akashukuru kwa juisi, akaenda zake. Njia nzima alikuwa akimtukana Tabia kimoyomoyo: mjeuri, mwenye kinyongo, hana adabu. Alipofika Kiponda na kupanda ngazi ya mwisho, maneno yalikuwa yamemwishia, na lililobaki lilikuwa 'kweli'.

Jumamosi iliyofuata alikuwa studio. Abrahman alikuwa ameitangaza ziara ile wiki nzima. Anuar alivaa kizibao kipya.

"Nina machache," alisema Bi Muzdalifa. "Miezi ya Zohali inayojulikana ni mia mbili na sabini na minne. Nlisema sitini na miwili na nikamcheka aliyenisahihisha. Mwanamke huyo anaitwa Tabia Wakil. Mwaka elfu mbili na sita nlimtoa darasani kwa kusema kweli nyingine, nikamtukania mama yake, ambaye alikuwa muuza pweza mwaminifu aliyemsomesha mwanawe. Mama huyo alikufa akidhani mtoto wake alikosa. Aliyekosa ni mimi. Namtaka radhi Tabia mbele yenu nyote, na marehemu pia, kama radhi humfika."

Abrahman, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alisahau kugeukia simu za wasikilizaji. Anuar akawahi kipaza sauti.

"Tumekusamehe, mama yetu," alisema kwa sauti ya asali.

"Weye sikukuomba," alijibu Bi Muzdalifa. "Mimi nimekosea hesabu, na kabla ya hesabu nimekosea utu. Nimesema. Sasa sema na wewe. Sema neno moja tu: huenda. 'Huenda kuna uhai kwenye ile sayari, na huenda hakuna.' Nakusubiri."

Anuar akacheka. Akasema wasikilizaji wanataka habari, hawataki huenda. Na katika hilo, hatuna budi kukiri, hakukosea. Julai ilipogunduliwa nyota nyingine yenye mkia, iliyotoka nje kabisa ya pande za jua letu, Anuar alisema ni chombo na ndani mna watu, na kipindi chake kikaongezwa nusu saa. Anavaa vizibao viwili kwa zamu. Watoto wanamwomba picha.

Tabia hakupiga simu siku ile ya radhi, wala ya pili yake. Alipiga Jumanne.

"Nlikusikia," alisema. "Sijui kama nshakusamehe, sitaki kukudanganya. Lakini kesho asubuhi nawafundisha wa mwaka wa kwanza ile habari ya picha. Njoo."

"Nije kufundisha?"

"La. Kaa nyuma, usikilize. Kuna mengi yaliyobadilika."

Bi Muzdalifa alikata simu, akazunguka chumba mara tatu. "Nyuma!" alimwambia Mzee Msabah. "Miye! Nikakae nyuma na watoto wasiojua kushika kalamu, nimsikilize yule niliyemfundisha kipimapembe!"

"Saa ngapi?" aliuliza Mzee Msabah.

"Saa mbili na nusu."

Alikwenda. Alikaa safu ya mwisho, buibui jeusi katikati ya mikoba na chupa za maji, daftari jipya mbele yake. Tabia alifundisha vizuri, jambo ambalo Bi Muzdalifa alilikubali kwa shida na kuliandika kwa mukhtasari. Kisha Tabia akauliza kwa nini nyota zinakuwa michirizi na mwezi unabaki nukta. Kijana mmoja wa mbele, shati limechomolewa, akanyanyua mkono kwa kujiamini kukubwa na kusema ni kwa sababu nyota ni za zamani zaidi, kwa hiyo zimechakaa.

Bi Muzdalifa alilihisi neno likimpanda. Lilikuwa fupi, lilikuwa na shati la kijana ndani yake, na kuchakaa, na ukoo mzima. Lilimfika kwenye meno. Darasa lilikuwa limekwisha anza kucheka.

Tabia hakumtazama kijana. Alitazama nyuma ya darasa, moja kwa moja, akangoja.

Bi Muzdalifa akafunga mdomo. Akainama, akaandika tarehe.

"Endelea," Tabia alimwambia kijana, "hebu fikiria tena, nini kinakwenda na nini kimesimama?" Na kijana, baada ya kuguna sana, akalikaribia jibu.

Lilikuwa neno zuri sana lile alilolimeza. "Mpaka leo hujasikia neno la kukata kama lile," humwambia Mzee Msabah wakinywa chai, na Mzee Msabah akimwomba amwambie basi alisikie, hukataa.